Nyota za Kituo cha Wazee Zisomwe Vipi?

Swali: Familia iliyoko Marekani itajuaje kama kituo cha kumuuguza mzee na kumrudishia nguvu baada ya kutoka hospitali ni kizuri?

Jibu: Tangu 2008 serikali ya Marekani huvipa vituo vya uuguzi vinavyolipwa na Medicare au Medicaid, mipango ya serikali ya bima ya afya, nyota 1 hadi 5, kwa kuangalia ukaguzi, wahudumu na vipimo vya hali ya wagonjwa. Vipimo vingi hutokana na taarifa za kituo chenyewe, kwa hiyo visitangulizwe. Ukaguzi una uzito zaidi, kwani wakaguzi wa jimbo hufika bila kutoa taarifa. Ripoti yao isomwe yote, maana nyota za ukaguzi hulinganisha vituo vya jimbo hilo tu.

Kinachofichua mengi kuliko vyote ni wahudumu. Idadi yao huchukuliwa kwenye kumbukumbu za mishahara, na tangu 2022 huhesabiwa pia wauguzi wa wikendi na kasi ya watu kuacha kazi. Mzee aliyevunjika nyonga anahitaji mikono ileile inayojua jinsi anavyoinuka. Asipogeuzwa kitandani hupata vidonda vya kulalia, mateso ambayo mara nyingi yangezuilika. Ndiyo maana inafaa kutembelea kituo jioni au Jumapili: kengele huitikiwa baada ya muda gani? Maji ya kunywa yako karibu na mkono wa mgonjwa? Kuhusu mazoezi ya viungo, iulizwe hufanyika siku ngapi kwa wiki, na nani huyasimamia.

Kuhusu malipo, masharti ya Medicare yakitimia, Medicare ya kawaida hulipia siku 20 za kwanza zote za kukaa kituoni. Kuanzia ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia.