Foleni ya Ujumbe Katika Programu ya Kompyuta

Programu yenye dirisha kwenye kioo cha kompyuta hutumia muda wake mwingi ikingoja. Mtumiaji abonyezapo herufi au asogezapo kipanya, tukio hilo hugeuzwa kuwa ujumbe na kuwekwa kwenye foleni. Programu huchukua ujumbe wa kwanza, huushughulikia, kisha hurudi kuchukua unaofuata. Mwenendo huu huitwa mzunguko wa matukio.

Tuchukue mfano wa gulio wilayani Lushoto, ambapo karani mmoja mwenye mizani moja huwapimia karoti na kabichi wakulima wa Milima ya Usambara. Mkulima mmoja akitaka ahesabiwe papo hapo mauzo ya mwaka mzima, wote walio nyuma yake watasimama na mboga zitanyauka. Karani mwenye busara humpa msaidizi hesabu hiyo, naye huendelea kupima. Msaidizi amalizapo, huleta jibu kwa kupanga foleni kama wengine.

Ujumbe kutoka programu nyingine

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Tuseme mwanafunzi anaandika humo taarifa ya mvua ya Lushoto, kisha anafungua faili la vipimo. Programu ya pili huanza, hugundua kwamba ya kwanza ipo, huipelekea jina la faili, kisha hujifunga. Katika programu ya kwanza, mkondo msaidizi wa kazi hupokea jina hilo. Mkondo huo haugusi waraka. Huweka ombi kwenye foleni tu, na mkondo mkuu hulitekeleza zamu yake ifikapo. Hivyo mikono miwili haivurugi waraka mmoja.

Hatari mbili

Kwanza, kazi ndefu ikifanywa ndani ya mzunguko, dirisha huganda. Mwanafunzi hudhani mashine imekufa, huizima, na taarifa ambayo hakuihifadhi hupotea. Pili, programu mbili zikingojeana majibu bila kuhudumia foleni zao, hakuna itakayoendelea.

Kanuni ni hii: pokea upesi, kazi ndefu mpe msaidizi, rudi kwenye foleni.

Zoezi

Foleni ina ujumbe wa kazi nne: sekunde 1, 20, 1 na 1. Ujumbe wa mwisho utangoja sekunde ngapi kabla ya kuanza kushughulikiwa? Je, ikiwa kazi ya pili atapewa msaidizi mara moja?