Hesabu Miaka, Si Kilomita

“Dada, nipo Kiembe Samaki, nina RAV4 ya zamani, injini 3S, niliinunua mwaka jana kwa mtu. Fundi ananiambia nibadilishe taimingi belti. Mume wangu anasema fundi ana njaa zake tu, gari inawaka vizuri na kilomita bado. Nina duka dogo la vitambaa Darajani, pesa zenyewe za kubana. Nimsikilize nani?”

Mdogo wangu, shemeji simgombezi, lakini safari hii fundi kasema kweli.

Toyota nyingi za zama hizo mkanda wake wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na nadhani hapo ndipo shemeji aliposhika. Sasa tupige hesabu za kwetu Unguja. Kutoka Kiembe Samaki mpaka Darajani ni kama kilomita 7. Kwenda na kurudi 14. Siku 25 kwa mwezi, miezi 12, unapata kilomita 4,200 kwa mwaka. Ukingoja zitimie 100,000 kwa mwendo huo, utangoja miaka 23 na ushei, na mtoto wa chekechea wa leo atakuwa keshaolewa. Mpira wa mkanda haungoji hivyo. Joto la injini linaukausha, unafanya nyufa, na unazeeka hata gari ikiwa imelala uani. Ndiyo maana mafundi makini wanahesabu na umri: ukifika miaka saba uanze kujipanga, ukipita kumi usibishane tena. Na RAV4 za zamani kama yako zilitengenezwa kati ya 1994 na 2000, kwa hiyo mkanda wa kiwandani, kama bado upo, umeshapita kumi zamani.

Labda mkanda ulishabadilishwa kabla gari haijafika kwako. Fungua boneti, utafute stikeri. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stikeri baada ya kazi hii, ikiwa na tarehe na kilomita. Maandishi hutayajua, tarakimu utazisoma. Lakini ukikuta mwaka 18 usifurahi ukadhani ni 2018. Wajapani wana mtindo wa kuhesabu mwaka kwa zama za mfalme wao, na zama za Heisei zilianza 1989. Jumlisha 1988 na 18 upate 2006. Ikiwa hakuna stikeri na aliyekuuzia hana risiti, hesabu kuwa haujabadilishwa.

Nami yalinikuta. Corolla yangu ya kwanza, injini 5A, ilinizimikia Mazizini magharibi ikiadhiniwa. Nikipiga stata, injini inazunguka kwa wepesi, vuuu, kama cherehani isiyotiwa uzi. Haishiki. Mkanda umekatika. Nikavutwa kwa kamba hadi gereji, watu wananitazama. Bahati yangu, 5A ni kama 3S yako: mkanda ukikatika, kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni. Nilitia mkanda mpya, ikawaka. Jirani yangu mwenye Hiace ya dizeli, injini 3L, hakusalimika. Valvu zilipinda, silinda hedi ikashushwa, na gari ikakaa juu ya matofali mwezi mzima.

Kwa hiyo wewe unayo nafasi ya kujipanga. Mwenye dizeli ya 3L hana. Jipe miezi miwili au mitatu, utie kibubu kila jioni ukifunga duka. Katika muda huo usiende nayo Nungwi usiku na watoto nyuma. Na fundi akifungua kifuniko cha juu akakuta oili imelowesha mkanda, usingoje hata wiki, maana oili inakula mpira.

Pesa hizo utazitumiaje? Nunua mkanda, beringi ya kuukaza na siili za oili kwa pamoja. Kwenye 3S, wota pampu nayo huzungushwa na mkanda huohuo. Ikiwa inavuja au inalia, ibadilishe siku hiyohiyo. Ukiiacha, utamlipa fundi mara mbili kufungua mahali palepale. Bana matumizi kwa kuulizia bei maduka matatu ya spea ukiwa na namba ya injini mkononi. Usibane kwa kununua mkanda uliotolewa kwenye gari nyingine, hata uambiwe ni orijino. Rahisi huvunja upishi.

Siku ya kazi, nenda ukakae. Fundi atalinganisha alama za chini na za juu, kisha aizungushe injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, aone alama zimerudi palepale. Hapo ndipo apige stata. Akitaka kuruka hatua hiyo, mwambie kwa adabu, “Kaka, tuzungushe kwanza.”

Wenzangu wenye IST na Probox za injini 1NZ, msihangaike: zenu zina cheni. Kazi yenu ni kubadilisha oili kwa wakati. Fundi akikwambia akubadilishie mkanda wa taimingi wa IST, hama gereji. Na nyinyi wa Hiace za dizeli, ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi inafuata kilomita tu. Hali ya mkanda haiijui, na aliyekuuzia anaweza kuwa aliizima bila kubadilisha kitu.

Kazi ikisha, mdogo wangu, dai mkanda wako wa zamani. Ukunje kwa kuugeuza nje ndani, nyufa zifunguke, umpelekee shemeji aone kwa macho yake. Kisha chukua rangi nyeupe, uandike chini ya boneti tarehe na kilomita. Mwaka uuandike kwa tarakimu nne, ili atakayeinunua kwako asihangaike kama wewe.