Bamvua kwa Mikono

Ukitoka Lunga Lunga ukashuka hadi Vanga, mtoto yeyote atakuonyesha maji yalipoishia jana na yalipoishia leo. Mtoto kiziwi naye huyaona yote: mikoko iliyozama nusu, mashua zilizokaa juu ya tope, wavuvi wanaongoja maji yajae. Asichokipata kirahisi ni sababu. Wenziwe huisikia darasani, redioni na barazani kwa wazee. Yeye hupewa maandishi. Na kwa aliyezaliwa hasikii, Kiswahili cha kwenye karatasi ni lugha ya pili, tena aliyojifunza bila kuisikia hata mara moja. Ndiyo maana kuandika maneno chini ya video ya sayansi ni msaada wa nusu njia.

Lugha inayomkaa vizuri ni ya ishara. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua: kifungu cha 7 kinaitaka serikali iikuze, na kifungu cha 120 kinaiweka miongoni mwa lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Wapo bado wanaodhani ishara ni maigizo tu. Mwaka 1960 Mmarekani William Stokoe alionyesha kwamba ishara hugawanyika katika vipande, kama neno linavyogawanyika katika sauti: umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Watafiti wa baadaye wakaongeza mwelekeo wa kiganja, na uso. Nyusi zikiinuka, kauli ileile huwa swali.

Sasa mashine inayaonaje haya? Kamera haijui mkono ni nini. Inapokea vitone vya mwanga, yaani pikseli. Picha yenye vitone 1,280 kwa upana na 720 kwa urefu ina vitone 921,600, na kila kimoja kina nambari tatu za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Hizo ni karibu nambari milioni 2.8 kwa picha moja, na video ya kawaida hupitisha picha 30 hivi kila sekunde. Kwa hiyo programu hufunzwa kwanza, kwa picha nyingi sana za mikono, kutafuta viungo tu. MediaPipe ya Google huweka nukta 21 kwenye kila mkono: moja kwenye kifundo, na nne kwa kila kidole. Kila nukta ikiwa na nambari tatu za mahali ilipo, mikono miwili inakuwa nambari 126. Mzigo huo hata simu ya kawaida inaumudu.

Njia ya kurudi, kutoka maneno hadi ishara, hutumia viungo hivyohivyo. Mtumiaji wa ishara huvishwa vitambuzi, miendo yake ikarekodiwa, kisha katuni ya pande tatu ikapewa miendo hiyo. Ndivyo inavyofanya kazi Terp 360 ya kampuni ya Kenya, Signvrse, iliyoanzishwa na Elly Savatia. Ishara zaidi ya 2,300 zilirekodiwa, na mwaka 2025 kazi hiyo ikashinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kabla yake Mkenya mwingine, Roy Allela, alibuni glavu za kugeuza ishara kuwa sauti. Zilisifiwa sana, lakini glavu haisomi nyusi.

Turudi kwenye maji, maana hapa ndipo pagumu. Mwezi huivuta dunia, na mvuto hupungua kadiri umbali unavyozidi. Maji ya upande ulioelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia. Ya upande wa pili huvutwa kidogo kuliko kitovu, yakabaki nyuma. Bahari inavimba pande mbili. Dunia ikizunguka, Vanga inapita kwenye vimbe zote mbili, kwa hiyo maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Dakika hizo 25 zinatokana na mwezi wenyewe kusogea. Jua nalo huvuta. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa mstari mmoja, mivuto ikajumlika: bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapishana: maji mafu.

Mwalimu hodari wa ishara huijenga habari hii hewani. Anaonyesha jua kuliani, na mahali pale panabaki kuwa jua hadi mwisho wa somo. Ngumi ya kushoto ni dunia. Mkono wa kulia unakuwa mwezi, unaizunguka ngumi, unasimama upande wa jua. Kisha vidole vinachora maji yakivimba. Mwanafunzi ameuona mstari.

Ipe programu maelezo hayohayo iyatafsiri neno kwa neno. Itatoa jua, mwezi, dunia, vuta, maji, kila ishara mbele ya kifua, moja baada ya nyingine. Ishara zote ni sahihi, na hakuna mstari. Kwa maoni yangu hili ni tatizo kubwa kuliko uhaba wa intaneti.

Msamiati nao una shida yake. Usanisinuru isipokuwa na ishara, mwalimu huitaja kwa vidole, herufi 11, na mtoto anabaki na tahajia. Huko Edinburgh, wanasayansi viziwi, akiwemo mkemia Audrey Cameron, wamekaa na wataalamu wa lugha wakatunga ishara za sayansi kwa Lugha ya Ishara ya Uingereza. Usanisinuru yao ni mkono mmoja ulio jani, na mwingine unaolimulikia mwanga. Ishara zile hatuwezi kuzichukua hivihivi. Hata hapa mpakani mwa Kenya na Tanzania, Kiswahili kinavuka kwenda Horohoro kama kawaida, ilhali Tanzania ina lugha yake ya alama. Programu iliyofunzwa kwa Wakenya haitamfaa mtoto wa Tanga. Cha kuiga ni utaratibu: viziwi waliosoma sayansi watunge wao, walipwe, warekodi somo zima badala ya neno mojamoja.

Ukiulizwa shuleni kwako kama programu fulani inafaa, usiwasikilize wauzaji peke yao. Ichezeshe mbele ya wanafunzi viziwi, uizime, kisha waombe wakueleze kwa ishara zao walichoelewa. Wasipoweza, irudishe.