Iktisadi: Kuhifadhi Chako Bila ya Kupunja cha Mwenzio

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad: hii ni darsa fupi niliyowasomesha watu wazima wa madrasa yetu hapa Tarime baada ya swala ya Isha. Wakanitaka niiandike, ili wasiohudhuria nao wapate kuisoma nyumbani pamoja na watu wao. Nimeigawanya fasili nne, na mwisho nimetia maswali, kwani elimu isiyoulizwa husahaulika upesi.

FASILI YA KWANZA: Maana ya iktisadi

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa matumizi ya mali yana njia tatu: israfu, ubakhili, na iliyo katikati ya hizo mbili, nayo ndiyo iktisadi. Katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake ambao wakitoa hawapiti kiasi wala hawafanyi choyo, bali huwa baina ya hayo. Na katika Sura ya Bani Israil, aya ya 27, amewahesabu wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani.

Mtume (S.A.W.) alitufunza jambo hili kwa vitendo. Amepokea Anas ya kuwa alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji, na akioga kwa saa moja mpaka mudd tano. Mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri, na mudd nne hufanya saa moja, kama vile kwetu vibaba vine vifanyavyo pishi. Basi mtazame mtu afunguaye bomba la maji kwa nguvu, akatawadha kwa ndoo nzima! Na tonge likianguka, alituamrisha tuliokote, tuliondoe uchafu, tulile, tusimwachie shetani.

Wala mtu asidhani ya kuwa kuweka akiba ni kuipenda dunia. Saad bin Abi Waqqas alipougua alitaka kutoa mali yake nyingi sadaka. Mtume akamkataza asizidishe thuluthi, akamwambia hata hiyo thuluthi ni nyingi. Kwani kuwaacha warithi wake na chakula chao ni bora kuliko kuwaacha mafakiri, wakinyosha mikono kwa watu.

Walakini iktisadi ina mpaka, na mpaka huo ndio kiini cha darsa hii. Iktisadi ni kujibana katika haki yako. Ukimbana mwenzio katika haki yake, jina la kitendo hicho si iktisadi tena. Ni dhuluma, hata ikiwa ni shilingi moja, na hata ikiwa mwenye haki hiyo si Muislamu. Na hapa kwetu wengi wa tununuao kwao na tuwauziao si Waislamu, basi tuangalie sana.

FASILI YA PILI: Sokoni na dukani

Mas'ala ya kwanza: kupatana bei. Kuomba kupunguziwa ni halali, wala si aibu. Lakini kuna mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni uwongo. Mnunuzi husema, "Kule Sirari nimeuziwa kwa nusu ya bei hii," naye Sirari hajafika. Au hukitia ila kitu kizuri ili mwenyewe akate tamaa. Ameeleza Mtume katika Hadithi ya Hakim bin Hizam ya kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa; na wakificha na kusema uwongo, baraka huondolewa. Hakumtaja muuzaji peke yake. La pili ni upole. Jabir amepokea dua ya Mtume ya kumuombea rehema mtu mpole auzapo, anunuapo na adaipo haki yake. Mama ameshuka na mkungu wa ndizi kichwani kutoka milimani, magharibi imeingia, na kwake ni mbali. Wewe wajua ya kuwa hana budi kuuza, ukamkaza mpaka akupe kwa bei isiyomfaa. Biashara hiyo ni sahihi, maadam ameridhia. Lakini upole u wapi?

Mas'ala ya pili: bidhaa zilizoshushwa bei. Mwenye duka akishusha bei kwa sababu tarehe ya mwisho ya kitu i karibu, yafaa, kwa sharti ambainishie mnunuzi. Mtume alipita penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, akakuta umaji. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akasema ya kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Na mnunuzi naye apige hesabu. Tuseme paketi moja ya unga ni shilingi 2,000, na dukani wauza paketi tatu kwa shilingi 4,500. Ukizitumia zote tatu umeokoa shilingi 1,500. Ukitumia mbili, na ya tatu ikaingia wadudu ukaitupa, umetoa shilingi 4,500 kwa kitu ambacho ungalikipata kwa shilingi 4,000. Umepata khasara ya shilingi 500, na juu yake dhambi ya kutupa riziki. Rahisi usiyoihitaji ni ghali.

Mas'ala ya tatu: lumbesa. Maana yake ni kulijaza gunia mpaka likatokeza juu ya mdomo, likashonewa kilemba, kisha mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania imelikataza jambo hili, na gunia la mazao halipasi kuzidi kilo 100. Na kabla ya sheria hiyo, mwanzo wa Sura ya Al-Mutaffifin umewaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutimiza, na wakiwapimia watu hupunguza. Mwenye kusema, "Mimi ni hodari wa biashara, nimepata debe la ziada bure," na ajue ya kuwa debe hilo lina mwenyewe, naye ni mkulima aliyelilimia jua na mvua.

Mas'ala ya nne: kupunguziwa na asiye mwenye mali. Kijana aliyeajiriwa dukani akakuuzia chini ya bei kwa kuwa ni rafiki yako, pasipo ruhusa ya tajiri wake. Katika madhehebu yetu wakala hana ruhusa ya kuuza kwa upungufu mkubwa wa bei ya kawaida, ila aliyemuweka amridhie. Basi kabla hujafurahia bei, uliza: anayenipunguzia ana mamlaka juu ya mali hii? Lishike swali hili, kwani ndilo litupelekalo kwenye fasili inayofuata.

FASILI YA TATU: Sanduku la marehemu baba

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe, pengine litamuokoa mtu.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa cherehani. Alipofariki mwaka 2011 aliacha sanduku la sahani za santuri za zamani, idadi yake 32, kila moja katika bahasha yake, pamoja na orodha aliyoiandika kwa mkono wake. Watu wa makamo watakumbuka ya kuwa sauti za kwetu zilianza kusikika sana katika sahani hizo tangu Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa. Sahani za siku zile zilifanywa kwa lakri, nazo ni nzito na huvunjika upesi. Kwa hiyo zilizosalia ni chache, na wako watu wa Ulaya na Marekani wazitafutao kwa bidii. Mimi sikuyajua hayo. Niliona sanduku la vumbi lililoziba njia chumbani.

Akaja mtu nyumbani, mnunuzi wa vitu vikuukuu, akanipa shilingi 2,500 kwa kila sahani. Jumla yake shilingi 80,000. Nikaona nimepata. Dada zangu wawili, mmoja alikuwa Musoma na wa pili Kisumu. Nikasema moyoni: kuwaita ni nauli, kushauriana ni maneno mengi, nami ndiye mkubwa. Nikauza, nikazitumia fedha katika nyumba, na hayo nikayaita iktisadi.

Mwaka ule ule dada yangu wa Musoma akaja kumzuru mama. Akaliuliza sanduku, nikamjibu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, wewe ndiwe utusomeshaye mirathi. Katika sahani 32 za baba, zangu zilikuwa ngapi?"

Hesabu naijua. Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja mwanamume, na wanawake wawili. Mke ana thumuni, na iliyobaki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili na kila mwanamke fungu moja. Mas'ala husihi katika 32: mama 4, mimi 14, na kila dada 7. Nikamwambia, "Saba." Akasema, "Basi umeniuzia saba bila ya kuniuliza." Wallahi, sikuwa na jawabu.

Nikaichukua ile orodha ya baba nikaenda Mwanza kwa mtu mwenye ujuzi wa vitu vya kale. Akazikadiria shilingi 10,000 kila moja, yaani shilingi 320,000 kwa zote. Mnunuzi alikuwa amekwenda zake, hajulikani alipo. Nikarudi nikawaambia wenyewe. Mama akasema, "Mwanangu, langu nimekusamehe. La ndugu zako si langu kusamehe." Dada zangu hawakusamehe, nayo ni haki yao, nikauza mbuzi nikawalipa kila mmoja shilingi 70,000. Basi nilipokea shilingi 80,000 nikalipa shilingi 140,000, nikatoa shilingi 60,000 kwangu, na fungu langu la shilingi 140,000 likapotea lote. Hiyo ndiyo nauli niliyoiokoa.

FASILI YA NNE: Hukumu na utaratibu

Kwanza, mtu akifa mali yake haigawanywi wala haichukuliwi na aliye karibu nayo. Hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, na daftari la dukani ni katika madeni. Kisha wasia usiozidi thuluthi. Na kilichobaki ndicho cha warithi. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, Mwenyezi Mungu ameeleza ya kuwa wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Basi neno la "hiki ni kikuukuu tu, hakina haja ya kuulizana" halina nafasi.

Pili, mrithi mmoja akiuza kitu cha shirika bila ya idhini ya wenziwe, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imam Shafii biashara husihi katika fungu lake tu, na katika mafungu ya wenziwe ni batili. Kitu kikiwapo hurejeshwa. Kikipotea, aliyeuza hudhamini thamani yake.

Tatu, akiwamo mtoto asiyebaleghe, idhini yake si idhini. Na jambo hili wengi hawalijui: kaka mkubwa si walii wa mali ya yatima kwa kuwa ni kaka. Walii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyewekwa kwa wasia, kisha kadhi. Na kwa sheria ya nchi yetu, mahakama ya mwanzo humuweka msimamizi wa mirathi. Njia hiyo ifuatwe, kwani huondoa ugomvi.

Nne, ulizeni bei kabla ya kuuza. Mtume alikataza watu kuupokea msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei. Akiuza kisha akafika sokoni, mwenye mali ana khiyari. Lakini hukumu hiyo ni ya wale wa msafara. Aliyeuza nyumbani kwake kwa bei duni pasipo kudanganywa, katika madhehebu yetu hana haki ya kurejesha kwa sababu ya upungufu wa bei peke yake. Basi dawa ni kuuliza watu wawili au watatu kwanza, na kuandika orodha ya vitu mbele ya warithi wote.

Tano, mmoja aliniuliza juu ya sahani zenyewe. Jawabu: zilizo na Kurani, kasida na mawaidha, kuziuza hakuna neno. Ama zilizo na nyimbo za ala, madhehebu yetu yana ukali katika ala za nyuzi na zumari, na wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Mwenye kutaka salama amuulize mwanachuoni amwaminiye kabla ya kuuza. Lakini hukumu ya shirika niliyoieleza ni moja kwa kila kitu cha marehemu, iwe ni saa, baiskeli, cherehani, au sufuria.

Ndugu zangu, mali iliyookolewa kwa kuuliza na kungoja hukaa. Iliyookolewa kwa kumruka mwenye haki hurudi kudai, na ikiwa haikudai hapa, itadai mahali ambapo hakuna mbuzi wa kuuza.

MASWALI

1. Ni nini tofauti ya iktisadi na ubakhili?
2. Paketi tatu za shilingi 4,500 zina faida lini, na zina khasara lini?
3. Kijana wa duka akikupunguzia bei, wapasa kuuliza nini?
4. Marehemu ameacha mke, mtoto mwanamume na wanawake wawili. Vitu vyake vimeuzwa kwa shilingi 400,000, naye alikuwa na deni la shilingi 80,000. Kila mrithi atapata kiasi gani?
5. Ni nani walii wa mali ya yatima katika madhehebu ya Imam Shafii?

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.