Tunuse Gunia la Pumba Kwanza

Tukiwatembelea tunaulizwa: mbona sungura anakula lakini miguu imekakamaa, anajikokota, na watoto wanakufa wakiwa wachanga? Wengine husema ni baridi. Baridi huua watoto, ni kweli, lakini hebu tunuse gunia la pumba kwanza.

Pumba za mahindi zina mafuta. Zikikaa miezi kwenye joto, mafuta huchacha na kuharibu vitamini E. Sungura akiikosa, misuli yake hufa kidogo kidogo, hata ule wa moyo, na jike huweza kuzaa watoto wafu. Hapo sindano ya kuua viini haisaidii kitu kama gunia ni lile lile.

Basi nunueni pumba za wiki mbili tu, mziweke pakavu, penye kivuli. Kila siku mpeni majani mabichi, kama ya viazi vitamu. Yana vitamini E na pia yanampa A. Jike akikosa A hutoa mimba, na ikizidi hutoa vilevile, kwa hivyo msimwongezee mafuta ya samaki kwa kukisia. Halafu mkimwona akila kinyesi chake laini, msimfukuze jamani. Ndimo anamopata vitamini B.