Barafu ya Rwenzori Inapungua: Je, Maji Yetu Yatakwisha?



Kuna swali ambalo watu huuliza sana tunapozungumza habari za maji: "Barafu ya mlimani ikiisha, mito itakauka?" Swali hili linatuhusu sote. Sisi tunaoishi upande wa Kasese na Bwera tunakunywa maji yanayoshuka kutoka milima ya Rwenzori. Hata wale waliotoka Beni na Mutwanga waliyanywa maji ya milima hiyohiyo kwa upande wa Kongo. Katika somo hili tutaona wataalamu wamegundua nini, na kinatuhusu vipi katika afya ya nyumba zetu.

BARAFU IMEPUNGUA KIASI GANI?

Kilele cha juu cha Rwenzori, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Wakonzo huiita theluji ya huko "nzururu", na kwa imani ya wazee wao ndiko anakokaa Kithasamba. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alipanda vilele hivyo na kundi lake, wakachora ramani na kupiga picha. Kwa kumbukumbu hizo tunajua kwamba wakati ule barafu ilifunika karibu kilomita za mraba 6.5.

Miaka mingi baadaye, mtaalamu wa maji Richard Taylor wa chuo kikuu cha University College London alifanya uchunguzi pamoja na wenzake wa Uganda, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere. Walilinganisha ramani za zamani na picha zilizopigwa na setilaiti, kisha wakapanda wenyewe kupima. Mwaka 1987 barafu ilikuwa imebaki kama kilomita za mraba 2. Mwaka 2003 ilikuwa chini kidogo ya kilomita moja ya mraba. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka 2006.

Wao walisema sababu kubwa ni joto la hewa, ambalo lilikuwa likipanda kwa karibu nusu digrii kila miaka kumi tangu miaka ya 1960. Wataalamu wengine walijibu kwamba ukavu wa hewa na kupungua kwa mawingu navyo vimechangia. Juu ya sababu walibishana, lakini kwamba barafu inapungua, hakuna aliyebisha. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya milima ya Afrika iliyo katika urithi wa dunia, ikiwemo Rwenzori, inatazamiwa kwisha kabla ya mwaka 2050.

Tusidanganyane hapa. Mama anayepika kwa kuni tatu kambini hakuyeyusha barafu hiyo. Sehemu kubwa ya moshi unaopasha dunia joto umetoka katika viwanda, magari na mitambo ya nchi tajiri.

JE, MITO ITAKAUKA?

Wataalamu haohao hawakuishia kwenye barafu. Walipima pia maji ya mto Mubuku, juu karibu na barafu na chini mlima unapoishia. Waliona kwamba maji yanayotoka kwenye barafu hayafiki hata asilimia 2 ya maji ya mto huo kule chini. Yaani ukichota jerikani 100 kutoka mtoni, zinazotokana na barafu hazifiki 2.

Zilizobaki zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mvua. Mvua inanyesha juu ya msitu, juu ya mianzi, na juu zaidi kwenye mabwawa ya matope na majani laini yanayofunika mawe. Vitu hivyo hufanya kazi kama sifongo: vinanyonya maji wakati wa mvua na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Kwa hiyo barafu ni kama kipimajoto, inatuonyesha kwamba mlima una homa. Lakini tangi letu la maji ni msitu na udongo wake.

SIFONGO IKIHARIBIKA

Mwaka 2012 moto uliunguza mimea ya juu, kule mto Nyamwamba unakoanzia. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha, udongo ukaporomoka, na mto ukashuka Kilembe na Kasese ukibeba mawe makubwa, magogo na nyumba. Wataalamu waliochunguza mafuriko yale walisema mvua haikuwa peke yake: maporomoko na eneo lililoungua yaliongeza nguvu ya maji. Mei 2020 mito ilifurika tena, na Hospitali ya Kilembe ikaharibiwa hata wagonjwa wakahamishwa.

Maji yakishapita, magonjwa hufuata. Baada ya mafuriko ya 2013, wachunguzi waliangalia vipimo vya malaria katika kituo cha afya cha Bugoye. Katika vijiji vilivyo kando ya mto uliofurika, uwezekano wa mtu kukutwa na malaria uliongezeka kwa karibu asilimia 30 kuliko vijiji vya mbali na mto. Mto ukirudi mahali pake huacha madimbwi, na mbu hutaga humo.

Mfano mwingine ni Katwe, kijiji cha wavuvi huko Kasese. Juni 2015 kulitokea kipindupindu. Uchunguzi ulionyesha kwamba mvua ilisomba kinyesi kupitia korongo hadi ziwani, mahali ambapo watu walichota maji ya kunywa. Waliokuwa na desturi ya kuchemsha au kutibu maji waliugua kwa uchache kuliko wengine.

TUFANYE NINI?

Joto la dunia hatuwezi kulizuia sisi peke yetu. Lakini mambo haya yako mikononi mwetu:

1. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti. Kama maji yana matope, yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza, kwa sababu matope hupunguza nguvu ya dawa.

2. Tumia choo, hata watoto. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kisiwe upande wa juu wa chanzo hicho.

3. Baada ya mvua, fukia madimbwi karibu na nyumba, zibua mitaro, na lala ndani ya chandarua kila usiku.

4. Punguza kuni: tumia jiko la udongo, funika sufuria, na loweka maharagwe tangu usiku. Usikate mti ulioshikilia ukingo wa mto au mtelemko.

5. Usichome majani wakati wa kiangazi na kuuacha moto.

6. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, usivuke mto na usiwatume watoto mtoni, hata kama kwenu jua linawaka. Mafuriko huanzia juu.

7. Mtu akiharisha majimaji, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mpeleke kituo cha afya mara moja huku akiendelea kunywa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

- Kwa nini mto Mubuku hautakauka hata barafu ikiisha?
- Mvua ikinyesha leo, maji machafu ya mtaa wetu yanaelekea wapi? Je, yanapita karibu na mahali tunapochota?
- Nani katika nyumba hii anahakikisha maji ya kunywa yametibiwa kila siku?

Swali la pili msilijibu mkiwa mmekaa. Tokeni nje mvua ikikatika, mfuate mkondo wa maji mpaka unapoishia. Mkiona unaingia kwenye chanzo cha maji, mwambieni mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu siku hiyohiyo.