Kufundisha Misimamo ya Vyama Juu ya Mazingira: Mfano wa Nusu Maili

Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha mjini Moshi, tumeona mara nyingi somo la Uraia likiendeshwa hivi: mwanachuo huandika ubaoni sentensi ya ilani ya chama kuhusu kuhifadhi mazingira, wanafunzi huinakili, kengele hulia. Mtoto aliyeamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe hatambui kwamba sentensi ile inamhusu.

Twashauri somo lianzie Nusu Maili. Ukanda huu wa msitu, ulio juu ya vijiji vya Kilimanjaro, ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, mbao na majani pasipo kuugusa msitu wa hifadhi. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa, na swali la nani aingie msituni likazidi uzito.

Darasa ligawanywe makundi matatu: wakazi wa migombani, wahitaji wa kuni na majani, wakulima wa mpunga wa tambarare, wanaotaka mito isipungue maji, na wapagazi, ambao riziki yao ni wageni wapandao mlima. Kisha kila kundi litoe wajumbe watatu, wakae kama halmashauri ya chama, waandike sentensi moja ambayo makundi yote yatakubali kuipigia kura. Mwalimu asiwasaidie, hata akiwashwa ulimi.

Yaelekea wataandika: "Tutahifadhi msitu kwa kuwashirikisha wananchi." Mwanachuo asiwacheke kwa upana wa maneno hayo, maana hapo ndipo kiini cha somo. Awaulize ni maneno gani yaliyofutwa, na yalifutwa ili nani asitoke kikaoni. Katika kujibu, watakuwa wanaeleza jinsi ilani inavyoundwa.

Ndipo historia iingie, kwa ufupi. Enzi za chama kimoja, hadi 1992, mivutano ya namna hii ilimalizwa ndani ya vikao vya chama. Tangu uchaguzi wa 1995, ambao wapinzani walishinda ubunge wa Moshi Mjini, chama kilichofuta neno chaweza kuulizwa hadharani na chama kingine kilicholiandika.

Mwishoni kila mwanafunzi aandike nani atakayepoteza kwa sentensi ya halmashauri yao, na atapoteza nini: mzigo wa kuni, lita ya maziwa, au zamu ya maji shambani. Majibu hayo yasitiwe alama. Yasomwe kwa sauti, na mwalimu asome lake pia.